Shajara ya mradi: nyayo za Wahasidi katika fikra za Abraham Joshua Heschel

Januari: kufungua faili

Mradi wenyewe ni kijitabu cha Kiswahili, kisichozidi kurasa mia, kitakachofuatilia jinsi mafundisho ya Wahasidi, watu wa vuguvugu la kiroho la Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yalivyoingia katika falsafa na teolojia ya Abraham Joshua Heschel, rabi na mwanafalsafa wa Kiyahudi. Nawaandikia walimu wa somo la dini, wanafunzi wa falsafa, wenzangu wa kikundi chetu cha usomaji, na yeyote aliyewahi kuiona picha ya maandamano ya Selma ya Machi 1965, akamwona mzee mwenye ndevu nyeupe na shada la maua shingoni mstari mmoja na Martin Luther King, akajiuliza yule ni nani.

Swali la mradi nimeliandika juu kabisa ya faili lisinipotee: Heschel alichukua nini kwa Wahasidi, akaacha nini, na alichokichukua kinafanya kazi gani ndani ya hoja zake?

Wanaoandika kwa haraka hulimaliza suala hili kwa sentensi moja: katoka ukoo wa marebbe (viongozi wa Wahasidi), basi mawazo yake ni ya Kihasidi. Ukoo ni wa kweli, tena mzito. Alizaliwa Warsaw tarehe 11 Januari 1907. Baba yake, Moshe Mordechai, alikuwa rebbe wa mtaa wa Pelcowizna, mahali pa watu wa hali ya chini, akafariki 1916 mtoto akiwa na miaka tisa. Jina alilirithi kwa babu yao wa kale, Abraham Joshua Heschel wa Apt, aliyefariki 1825 na kuzikwa Medzhibozh, mji uleule lilipo kaburi la Baal Shem Tov, mwanzilishi wa Wahasidi. Ukipanda matawi mengine ya ukoo unakutana na marebbe wakubwa wa mwanzo, Dov Ber wa Mezeritch na Levi Yitzhak wa Berdichev. Nyumbani walitarajia naye akalie kiti cha baba yake.

Lakini damu haiandiki vitabu. Wapo wa ukoo huohuo waliobaki marebbe maisha yao yote bila kupita mlango wa chuo kikuu. Ninachotaka kuonyesha ni safari ya wazo: nani alilitamka, lilimfikiaje, na liligeuka nini alipolibeba hadi Berlin na baadaye New York.

Februari: sura ya msingi

Sura ya kwanza inamweleza msomaji Wahasidi ni nani. Nimejibana isinenepe.

Mwanzilishi ni Israel ben Eliezer, aliyeitwa Baal Shem Tov na kwa ufupi Besht, aliyefariki 1760. Aliishi Podolia, wakati huo chini ya Poland, leo Ukraine. Hakuacha kitabu. Maneno yake yalipita midomoni mwa wanafunzi, na kitabu cha kwanza cha Kihasidi kilichapwa 1780, miaka ishirini baada ya kufa kwake, nacho ni cha Jacob Joseph wa Polonnoye. Kiini cha mafundisho hayo kinasemeka kwa maneno machache: hakuna mahali pasipo na Mungu, mtu amwabudu kwa furaha, hata katika kula na kufanya kazi, sala ya mtu asiyesoma lakini mwenye moyo inaweza kuipita sala ya msomi mwenye kiburi. Wasomi wa Vilna waliona hatari, na 1772 wakawapiga marufuku. Halafu kuna rebbe, au tzaddik, mwadilifu ambaye watu humwendea na shida zao akawaombea mbele za Mungu.

Nilipowasomea wenzangu rasimu, mmoja wetu mzaliwa wa Bagamoyo aliangua kicheko: "Sasa hawa si watu wa tarika tu?" Ana haki. Anayeijua zawia ya Kadiria atayatambua mengi: sheikh na murid, uradi wa pamoja, ziara ya kaburi, baraka inayoteremka katika ukoo. Nimeuacha ulinganisho huo kwenye aya moja, umfungulie msomaji mlango, kisha nikaendelea. Mhasidi anaishi ndani ya amri za Torati kuanzia anapoamka hadi anapolala, na ni humo ndani ya amri, katika tendo dogo kama kuosha mikono kabla ya chakula, anamotafuta ukaribu wake na Mungu. Jambo hilo la tendo litakuwa na kazi kubwa mbele.

Machi: jedwali

Nimetengeneza jedwali. Safu ya kwanza ni fundisho la Kihasidi na chanzo chake; ya pili ni mahali linapojitokeza kwa Heschel; ya tatu ndiyo yenye ubishi: amenukuu waziwazi, amerithi kimyakimya, au amegeuza.

Safu ya tatu imenipa jambo la kwanza la kuandika. Katika vitabu vyake vya falsafa vya miaka ya 1950 "amenukuu" ni chache kuliko mtu angetarajia, na "amerithi kimyakimya" ni nyingi. Nadhani sababu ni msomaji aliyekuwa mbele yake. Alikuwa New York, akiwaandikia Wamarekani waliosoma sayansi na falsafa, wengi wao wakiwa wameacha sala. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "rebbe fulani alisema", umempa sababu ya kufunga kitabu. Heschel alitaka hoja isimame kwa miguu yake.

Mstari wa kwanza wa jedwali ni "hakuna mahali pasipo na Mungu". Maneno ni ya zamani kuliko Wahasidi, yamo katika maandiko ya Kabbala, elimu ya fumbo ya Kiyahudi, ila Besht na wanafunzi wake waliyafanya kuwa chakula cha kila siku. Kwa Heschel yanarudi katika Man Is Not Alone ya 1951, yakiwa yamevuliwa kanzu. Hasemi Mungu amejaa kila mahali halafu akadai tukubali. Anaanza na mshangao: kabla hujauliza ulimwengu umetokana na nini, umeshashangaa kwamba upo. Mshangao huo kwake ni njia ya kujua, na aliyeupoteza amepoteza jicho. Mtoto wa Kihasidi anafundishwa kutamka baraka anapoona radi, anapokula tunda la kwanza la msimu, anapotoka chooni. Heschel amechukua mazoea hayo ya kinywa akayafanya kuwa nadharia ya maarifa.

Mstari wa pili ni sala. Kuna mahubiri ya Besht juu ya Noa kuambiwa aingie safinani: kwa kuwa jina la Kiebrania la safina lina maana ya "neno" pia, Besht aliyasoma kuwa ni amri kwa anayesali, aingie ndani ya neno na nafsi yake yote, asibaki mlangoni. Fungua kitabu cha Heschel cha 1954 juu ya sala, Man's Quest for God, utakuta mtu anayekasirishwa na sala za Marekani zilizo safi, fupi, zenye sauti nzuri, na wasaliji waliokaa kama watazamaji. Analalamikia maneno yasiyo na mtu ndani yake. Hapa sina shaka kuhusu mkondo.

Mstari wa tatu ni tendo. Katika God in Search of Man anasema Myahudi haombwi aruke kwa fikra. Anaombwa aruke kwa tendo: atende kuliko anavyoelewa, apate kuelewa zaidi ya anavyotenda. Nimeuweka chini ya "amerithi", kwa sababu Wahasidi waliamini tendo la mwili lina uwezo wa kuinua kilichoanguka.

The Sabbath, kitabu chake kinachopendwa kuliko vyote, nimekiweka kando. Kingekula mradi wote.

Aprili: mbona si Buber?

Swali hili linakuja kila ninapotaja mradi, kwa hiyo nimeliandikia kisanduku kidogo baada ya sura ya kwanza. Martin Buber, aliyezaliwa Vienna 1878 na kulelewa Lemberg kwa babu yake, aliona baraza la rebbe wa Sadigora akiwa mtoto, akaondoka, kisha akarudi akiwa kijana msomi na kuwasimulia Wajerumani hadithi za rebbe Nachman (1906) na za Besht (1908). Mwaka 1961 Gershom Scholem, mtafiti mkuu wa Kabbala, alimshambulia kwa kutegemea ngano na kuyapa kisogo mahubiri ya kinadharia, ambayo ndiyo Wahasidi wa mwanzo walichapisha kwanza. Shambulio hilo limebaki kidonda kwenye somo hili.

Buber alikuja kwa Wahasidi kutoka nje akitafuta kitu. Heschel alitoka ndani, na mabaraza ya marebbe yalikuwa ni ya wajomba na binamu zake. Buber mwenyewe ndiye aliyemwita Frankfurt 1937 kufundisha kwenye nyumba ya elimu ya watu wazima. Yatosha kwa Buber.

Mei: Mungu anamhitaji mtu

Hapa ndipo uzito wa kijitabu ulipo, na mwezi mzima nimekaa hapa.

Wazo linalotambulisha Heschel kuliko yote ni pathosi ya Mungu: Mungu wa manabii anaguswa. Anahuzunika, anakasirika, anangoja. Katika Hosea 11 moyo wake unageuka ndani yake; Isaya 63 anasema "katika mateso yao yote yeye aliteswa". Nabii ni mtu aliyeambukizwa hisia hiyo. Hapewi habari za kesho tu. Anaumwa na kinachomuuma Mungu. Heschel aliliandika hili kwanza katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Berlin mwishoni mwa 1932, wiki chache kabla Hitler hajashika madaraka, ikachapwa Kraków 1936. Baadaye aliipanua kwa Kiingereza ikawa The Prophets ya 1962, na akaitabaruku kwa wafia dini wa 1940 hadi 1945.

Tasnifu yenyewe inazungumza lugha ya fenomenolojia ya Kijerumani, falsafa inayochunguza mambo kama yanavyojitokeza kwa anayeyapitia. Hakuna marebbe humo. Msomaji wa Berlin angedhani kijana huyu amelipata wazo lake kwa kuwasoma Amosi na Yeremia kwa makini, basi.

Sasa weka kando ya tasnifu hiyo mafundisho aliyokua nayo. Wakabbala walifundisha kwamba ibada ya mtu hapa chini inakidhi hitaji la juu. Wahasidi walilichukua wazo hilo likafika kwa fundi viatu na muuza samaki: unaposema baraka, unapompa maskini, jambo linatengenezeka kwa Mungu mwenyewe. Uwepo wake, Shekina, uko uhamishoni pamoja na watu wake, na wewe una mkono katika kurudi kwake. Mwaka 1949 Heschel aliandika makala juu ya fumbo katika dini ya Kiyahudi, na pale anaieleza hoja hii waziwazi kutoka Zohar, kitabu kikuu cha Kabbala: Mungu anamhitaji mwanadamu. Miaka miwili baadaye wazo hilohilo linatokea kwenye Man Is Not Alone likiwa hoja ya falsafa. Pia alipenda kurejea tafsiri ya marabi wa kale ya Isaya 43, "ninyi ni mashahidi wangu": mkinishuhudia, mimi ni Mungu; msiponishuhudia, kana kwamba mimi si Mungu. Lile "kana kwamba" marabi waliliweka kama mtu anayefunika mdomo wake baada ya kusema neno zito.

Kwenye jedwali mstari huu nimeuandika "amegeuza", na sababu ni moja. Kwa Mkabbala tendo la mtu linapita kwenye ngazi za nguvu za kimungu, sefiroti, likarekebisha mtiririko wake. Heschel ameziondoa ngazi zote. Kinachobaki ni Mungu anayejali na mtu anayeitwa. Kilichokuwa mfumo wa mbinguni kimekuwa wajibu wa barabarani, na mjane na mgeni wa manabii wamekaa palipokuwa na sefiroti. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizozifanya na urithi wake.

Juni: shairi na tasnifu

Kuna ukuta ndani ya tasnifu ambao unaitikisa hoja yangu, na sitaki kuuzunguka. Heschel anamtenga nabii na mtu wa jadhba, yule anayetoka nafsini akazama katika uungu. Nabii, anasema, habadiliki kuwa Mungu wala hapotei. Anabaki mtu aliyesimama, anasikia, anajibu, wakati mwingine anabisha. Muungano wake na Mungu ni wa kuhisi pamoja, nao hauifuti nafsi yake. Lakini Wahasidi wa Mezeritch walifundisha kujifuta mbele za Mungu, kuwa si kitu. Je, basi huyu hajawakana wazee wake palepale kwenye wazo lake kuu?

Jibu, au nusu yake, liko kwenye kitabu kingine cha miaka hiyohiyo. Mwaka 1933 alichapisha Warsaw diwani ya mashairi kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Shairi mojawapo, "Ikh un Du", yaani mimi na wewe, linasema mambo ambayo tasnifu isingeyaruhusu. Msemaji anamwambia Mungu kwamba ujumbe unapita kutoka moyo wake kuja moyoni mwangu, uchungu wangu umesukwa na wa kwake. Kisha anauliza: je, mimi si wewe? je, wewe si mimi? Na anaendelea: mishipa yangu imeshikana na yako, ndoto zako zimekutana na zangu.

Kijana mmoja, miaka ileile. Kwa Kijerumani, mbele ya maprofesa, anachora mstari kati ya Mungu na nabii. Kwa Kiyidi, mbele ya watu wa kwao, anaufuta. Sioni unafiki hapo. Ukisoma shairi hadi mwisho, ule muungano wenyewe unaishia kwa watu wengine: anauliza kama hawa wawili si kitu kimoja ndani ya mamilioni ya miili. Anajisikia katika maumbo ya wote, anasikia kilio chake kwenye kilio cha watu. Pathosi ya tasnifu imo tayari humu, bado ina joto la sala ya alfajiri na haijavalishwa suti.

Nimeamua sura ya tatu ianze na shairi, tasnifu ifuate. Kwa mpangilio huo msomaji ataiona tasnifu ikifanya kazi ya kulitia shairi nidhamu.

Julai: maombolezo, na pingamizi

Sehemu ya vita nimeiandika kwa kurasa chache. Oktoba 1938 polisi wa Ujerumani walimkamata Frankfurt na kumfukuzia Poland pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa huko. Aliondoka Warsaw 1939, wiki chache kabla ya mabomu, akapitia London na kufika Marekani Machi 1940. Mama yake na dada zake watatu hawakuokoka. Januari 1945, New York, alitoa mhadhara kwa Kiyidi juu ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mbele ya wasomi ambao wengi walikuwa wameipa dini mgongo. Inasimuliwa kwamba alipomaliza ukumbi ulisimama ukasema Kaddish, sala ya wafiwa. Mhadhara huo ulikua ukawa The Earth Is the Lord's, 1950.

Kitabu hicho kizuri nimekiondoa kwenye safu ya ushahidi. Ulimwengu wa Wahasidi humo hauna wivu, hauna njaa ya kweli, hauna marebbe wanaogombea viti. Mtu anayelilia nyumba yake iliyochomwa hasimulii nyufa za kuta. Kinatuambia Heschel alichotaka kisife, na kwa kazi hiyo nimekitaja.

Rasimu ya sura ya tatu niliipeleka kwa rafiki anayefundisha falsafa. Aliirudisha na neno moja pembeni: "Mwalimu, umenieleza wazo limetoka wapi. Mbona hujaniambia kama lina ubavu wa kusimama?" Kwa hiyo imeongezeka sehemu ya pingamizi.

Mpinzani niliyemchagua ni Eliezer Berkovits, rabi na mwanafalsafa, ambaye 1964 aliichambua pathosi bila huruma. Hoja yake: Mungu anayeathirika na viumbe si Mungu wa Wayahudi, na lugha ya Mungu anayeteseka inanukia Ukristo. Nyuma yake yuko Maimonides, mwanafalsafa mkuu wa Kiyahudi wa zama za kati, aliyefundisha kwamba hisia za Mungu katika Biblia ni namna ya kusema tu. Na ieleweke kwamba Heschel alimjua Maimonides vizuri, aliandika maisha yake 1935. Alikataa akijua anachokikataa.

Kwenye nukta ya Ukristo, nadhani urithi wa Kihasidi unamtetea vya kutosha. Shekina inayokwenda uhamishoni na watu wake imo kwenye maneno ya marabi wa Talmudi na midrashi. Heschel mwenyewe aliliweka wazo hilo kwenye shule ya Rabi Akiva katika kazi yake kubwa ya Kiebrania, ambayo juzuu zake mbili za kwanza zilitoka 1962 na 1965, akiipambanisha na shule ya Rabi Ishmaeli, mtu wa akili baridi na lugha ya kawaida. Kwenye nukta ya falsafa, kwamba anayehitaji ana upungufu, jibu lake halinitoshelezi. Anasema hitaji hilo Mungu amelichagua mwenyewe, halikumlazimu. Sawa, lakini chaguo hilo linaingiaje kwa Mungu ambaye pia anasemwa kuwa amejaa kila mahali? Wahasidi wana majibu marefu ya Kikabbala kwa swali hilo, na Heschel ameshatupa ngazi zilizokuwa zikibeba majibu hayo. Nimeliandika hivyo.

Agosti: tzaddik yuko wapi?

Jedwali lina mstari mtupu, nao umenifundisha kuliko iliyojaa. Ukimwuliza Mhasidi dini yake inasimama juu ya nini, hatachelewa kumtaja rebbe wake. Katika falsafa ya Heschel rebbe hayupo. Hakuna mtu wa kati anayepandisha sala za wengine. Mwanadamu yeyote, hata asiye Myahudi, anasimama peke yake mbele ya swali la Mungu. Aliyetarajiwa kurithi kiti ameandika falsafa isiyo na kiti.

Dhana yangu, na kwenye kijitabu nimeiita dhana, ni kwamba tzaddik hakutoweka bali amevaa vazi la nabii. Mfikirie Levi Yitzhak wa Berdichev. Inasimuliwa kwamba alimshtaki Mungu: akasimama sinagogini, akamsabahi Bwana wa ulimwengu, akasema mimi Levi Yitzhak mwana wa Sara wa Berdichev nimekuja na kesi kwa niaba ya watu wako, na hapa sitatoka mpaka uhamisho huu uishe. Sasa msome nabii wa Heschel: anayebeba uchungu wa Mungu mbele ya watu, na kesi ya watu mbele ya Mungu. Amosi wa The Prophets ana pumzi ya Berdichev. Wataalamu wa Biblia walimlaumu Heschel kwa kuwachora manabii wenye moyo mno, na huenda walikuwa wakimlaumu kwa babu yake.

Septemba: Kotzk, na hali ya kazi

Sura ya mwisho ni ya rebbe mwingine, Menahem Mendel wa Kotzk. Katika utangulizi wa kitabu alichokikamilisha mwisho wa maisha yake, A Passion for Truth, kilichotoka 1973 baada ya yeye kufariki Desemba 1972, Heschel anasema utoto wake ulikuwa na walimu wawili ambao hakuwahi kuwaona. Moyo wake uliishi Medzhibozh kwa Besht. Akili yake Kotzk, kwa Menahem Mendel, aliyefariki 1859 baada ya kujifungia kwa takriban miaka ishirini. Mmoja alimfundisha wimbo, mwingine kimya. Kotzk iliingia maishani mwake akiwa na miaka tisa hivi, na mwalimu wake Bezalel Levy, Mhasidi wa Ger, ndiye aliyemfungulia mlango huo. Menahem Mendel hakuwa na subira na dini ya mazoea. Alichotaka ni ukweli, na aliuona uongo umejificha hasa ndani ya sala na sadaka.

Wengi wanamsoma Heschel kama mtu wa Besht tupu, mshangao na nuru. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mshangao peke yake ungempa mashairi. Hasira yake dhidi ya sinagogi lililolala, dhidi ya ubaguzi, dhidi ya vita vya Vietnam, ni ya Kotzk. Chicago, Januari 1963, kwenye mkutano wa dini na ubaguzi wa rangi alikokutana na King, aliwaambia viongozi wa dini kwamba kutojali uovu ni jambo baya kuliko uovu wenyewe. Menahem Mendel angeitikia. Na baada ya Selma aliandika kwamba miguu yake ilikuwa ikisali, na kwamba matembezi yale yalimkumbusha alivyokuwa akitembea na marebbe wa Kihasidi. Besht na Kotzk wamo kwenye barabara moja. Mwanafunzi wake Samuel Dresner anasimulia kwamba alipofariki, kando ya kitanda chake kulikuwa na vitabu viwili, kimoja cha Kihasidi na kingine juu ya vita vya Vietnam.

Hali ya kazi: sura ya kwanza, ya pili na ya tatu zimehaririwa. Ya nne, ya pingamizi, inasubiri jicho la rafiki yangu wa falsafa. Sura ya tzaddik ina rasimu mbichi, na wenzangu wa kikundi wameshagawanyika juu ya dhana yangu ya nabii, jambo ambalo silikatai. Ya Kotzk ina mifupa tu. Humo inabaki kuamua nimpe nafasi gani Kierkegaard, mwanafalsafa Mkristo wa Denmark, ambaye Heschel anamketisha meza moja na Menahem Mendel kwa kurasa nyingi. Ninaelekea kumpa kurasa mbili: wote wawili waliitaka dini isiyojidanganya na wote wawili iliwagharimu watu wao, ila mmoja alibaki peke yake na mwingine, hata alipojifungia, Wahasidi waliendelea kujazana nje ya mlango wake. Jedwali nitalipunguza hadi mistari iliyotumika kweli, liwe kiambatisho. Oktoba ni ya Kotzk.